Kabla ya kumpeleka mzee kupimwa kumbukumbu

Mzee anasahau kupita kawaida, lakini bado anajipikia na biashara yake inakwenda. Madaktari huiita hali hiyo upungufu mdogo wa utambuzi, na sio demensia, yaani akili kudhoofika hadi mtu ashindwe kujiendeshea maisha yake. Familia hutaka kujua jambo moja tu: itafika huko au haitafika? Kwenye kliniki za kumbukumbu, takriban watu 10 hadi 15 kati ya 100 wenye hali hii hupata demensia kila mwaka. Wengine hubaki walivyo kwa miaka, na wapo wanaorudi sawa kabisa. Hata daktari bingwa wa hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, hawezi kukutajia mwaka. Atakachofanya ni kukadiria hatari, na sehemu kubwa ya makadirio hayo inategemea mnachokwenda kumweleza.

Kwa hiyo anzeni kuandika mapema, wiki kadhaa kabla. Mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, akisahau jina la mteja, si neno. Akimrudishia mtu wa noti ya elfu tano chenji ya elfu kumi, au akipima visado na kupoteza hesabu kila mara wakati zamani alihesabu huku anapiga soga, hilo liandikeni pamoja na tarehe. Fedha, safari na dawa huyumba mapema kuliko kuoga na kula. Anayemsindikiza awe yule anayeishi naye. Kaka mkubwa aliyeshuka juzi kutoka Dar atalipa nauli, sawa, lakini hajui kitu.

Dawa zote zitieni kwenye mfuko mmoja, hata za kienyeji. Piritoni, amitriptilini na vidonge vya usingizi vinaweza kumvuruga mzee akili. Ombeni apimwe presha, sukari, tezi ya shingo, vitamini B12, VVU na kaswende, na aangaliwe masikio na sonona. Baadhi ya haya yakitibiwa, usahaulifu hupungua, na presha na sukari zikidhibitiwa hatari ya mbele nayo inaweza kushuka.

Kama hakusoma, semeni mapema. Kuna kipimo cha IDEA, kilichotengenezwa wilayani Hai, Kilimanjaro, ambacho hakihitaji kalamu: anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anakumbuka orodha ya maneno, anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mchoro. Kama Kisukuma au Kikerewe ndicho anachokiwaza, aulizwe kwa hicho. Miwani isisahaulike nyumbani. Msimfanyishe mazoezi ya majibu, maana alama za leo zitalinganishwa na za miezi sita au mwaka ujao, na kushuka kati ya vipimo viwili husema mengi kuliko kipimo kimoja.

Jeni ya APOE4, ambayo mtu huirithi kwa wazazi, huongeza hatari ya Alzheimer, ugonjwa unaoongoza kwa kuleta demensia, lakini wengi walio nayo hawaugui. Binafsi nisingekopa hela kwa ajili ya kuipima.

Majirani nao waelezwe kwamba ni ugonjwa. Kanda hii ya Ziwa ina historia chungu ya bibi vizee kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na anayetangatanga usiku hajui anavyotazamwa.

Mwisho, mwulizeni mzee mwenyewe anataka kuambiwa nini na nani awepo. Hati ya kiwanja cha Nansio iko wapi, nani anamdai, mtumbwi ni wa nani: ayaseme sasa, mbele ya watoto wote, akiwa bado anakumbuka.