Somo: D inagoma kufunguka Ubuntu baada ya kutoka Windows

Kompyuta ina Windows na Ubuntu, na patisheni (sehemu ya diski) ya D inatumiwa na pande zote mbili, tuseme ndiyo yenye hesabu za korosho za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima). Jana umefanya kazi Windows, ukazima. Leo umeingia Ubuntu, D haifunguki, au inasomeka tu na haikubali kuhifadhi kitu. Tafadhali usiiformati! Mara nyingi data zote zimo.

Chanzo kikubwa ni Fast Startup, iliyomo tangu Windows 8. Ukibonyeza Shut down, Windows haizimi kabisa. Inajihifadhi kwenye faili la hiberfil.sys na kuziacha patisheni za NTFS (mpangilio wa mafaili wa Windows) kama bado zinatumika. Ubuntu ikikataa kuandika inakulinda: Windows ikiamka na kumbukumbu zake za jana ikakuta D imebadilika, mafaili yanavurugika. Umeme ukikatika ghafla katikati ya kazi nao huacha NTFS haijafungwa vizuri.

Hatua ya 1. Ukiwa Ubuntu, fungua terminali:
lsblk -f
Andika pembeni jina la patisheni (mfano sda4), aina yake na UUID (namba ya utambulisho wake).

Hatua ya 2. Pima afya ya diski kabla ya kurekebisha chochote:
sudo apt install smartmontools
sudo smartctl -a /dev/sda
Kwa diski za SATA, angalia Current_Pending_Sector. Ikizidi 0, nakili data kwenye diski ya nje kwanza. Kuilazimisha diski mbovu kujirekebisha kunaweza kuimaliza.

Hatua ya 3. Rudi Windows, funga mafaili yote ya D, fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi:
powercfg /h off
chkdsk D: /f
shutdown /s /t 0
Amri ya kwanza inaondoa Fast Startup pamoja na Hibernate. Sasa washa Ubuntu, D itafunguka.

Wengi hushauriana kutumia ntfsfix, amri ya Linux. Hiyo inafuta alama ya hitilafu na kugusa mambo machache tu, haifanyi kazi ya chkdsk. NTFS irekebishwe na Windows. Ext4 (mpangilio wa mafaili wa Linux) irekebishwe na Linux kwa fsck, na uiendeshe kutoka flashi ya Ubuntu, kamwe si kwenye patisheni inayotumika.

MASWALI

Mwanachama, Masasi: Mwalimu, mimi niliiformati D kabla ya kusoma hapa. Sasa Ubuntu ikiwaka inasubiri dakika moja na nusu, kisha inaishia emergency mode.

Jibu: Kuformati kumebadilisha UUID, na /etc/fstab (faili la orodha ya patisheni za kufungua Ubuntu ikiwaka) bado inaitafuta ile ya zamani. Bonyeza Enter, au ingiza nywila ikiombwa, andika nano /etc/fstab, weka UUID mpya (itazame kwa lsblk -f), na kwenye safu ya nne ongeza nofail baada ya mkato, bila nafasi. Hata D ikikosekana siku nyingine, Ubuntu itawaka.

Mwanachama, Lindi mjini: Nimefuta patisheni ya Ubuntu nikiwa Windows. Sasa naona maandishi ya grub> tu. Windows imepotea?

Jibu: Haijapotea, ndugu. Kilichofutika ni mafaili ya GRUB (programu ya kuchagua mfumo wa kuwasha) yaliyokuwa ndani ya Ubuntu. Kwa mashine ya UEFI (mfumo mpya uliochukua nafasi ya BIOS ya zamani), zima, washa huku ukigonga F9 kwa HP au F12 kwa Dell na Lenovo, chagua Windows Boot Manager. Kisha ingia BIOS uipandishe iwe ya kwanza.

Mwanachama, Nachingwea: Nimepunguza D kwa GB 30 niipe Ubuntu, lakini GParted (programu ya kupanga patisheni) haikubali kuiongeza Ubuntu.

Jibu: Nafasi tupu lazima ipakane na patisheni unayoikuza. Huenda kuna patisheni nyingine katikati. Kuihamisha kunawezekana, ila ni kazi ya saa kadhaa, na umeme ukikatika katikati unaweza kupoteza kila kitu. Kwa mazingira yetu sishauri. Tengeneza ext4 mpya kwenye hizo GB 30, hamishia humo picha na video, nafasi itapatikana.