Diferansieli inaruka kila jioni: itafutie sababu, usiipigie daraja

Juma lililopita niliitwa Ndosho, hapa Goma, kwa mama mmoja ambaye disjonkta yake ya diferansieli (swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja) ilikuwa ikiruka, yaani ikikata umeme, kila jioni, saa kumi na mbili na nusu hivi, kama vile kuna mtu anaipigia kengele. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameshaitibu. Alichukua vipande viwili vya waya, akaunganisha miguu ya juu na ya chini, daraja, akalipwa, akaenda zake. Haikuruka tena. Siku nne baadaye mama akanipigia simu: "Fundi, friji inaniuma."

Nilihangaika pale siku moja na nusu. Ukifuata njia hii nadhani saa tatu zitakutosha, ukiacha ile hatua ya tere (waya unaopeleka umeme ardhini), ambayo hapa kwetu ina habari zake.

Hatua ya 1: Zima, hakikisha, toa daraja

Zima jenerali, ile swichi kuu. Pima kwa multimeta kati ya fazi (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha), fazi na tere, nyutro na tere. Ile turnevisi (bisibisi) yenye kataa kadogo ndani ya mpini mimi nimeitupa. Ukisimama juu ya sakafu ya mbao kavu na viatu vya mpira inaweza isiwake hata kama waya una volti 220, halafu wewe unaushika kwa imani. Usiguse mihuri ya kontere (mita ya umeme). Toa daraja.

Hatua ya 2: Jua hicho kifaa kinasikiliza nini

Wengi wanaruka hapa, ndiyo maana madaraja hayaishi mjini.

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted, mwanasayansi wa Denmark, aliona sindano ya dira ikigeuka ilipokuwa karibu na waya unaopitisha umeme. Unaweza kuliona jambo hilo nyumbani kwa dira ya mwanafunzi, betri ya tochi na kipande cha waya. Gusisha sekunde moja tu, maana waya unapata moto haraka. Kila waya wenye umeme unajizungushia usumaku. Na waya mbili zikilala pamoja, moja ikipeleka na nyingine ikirudisha umeme uleule, usumaku wa hii unafuta wa ile.

Ndani ya diferansieli mna pete ya chuma, na fazi na nyutro zote zinapita katikati yake. Umeme uliotoka ukirudi wote, pete imelala. Sehemu yake ikipotelea njiani, kwenye bati la friji au mwilini mwa mtu, usumaku wa waya mbili haulingani tena. Kinachobaki kinazaa umeme kidogo katika waya mwembamba uliozungushwa kwenye pete, na huo unafyatua kufuli. Diferansieli ya mA 30 (miliampea; 1000 ni ampea moja) inafyatuka mahali fulani kati ya mA 15 na 30.

Disjonkta ndogo ya kawaida, tuseme C16 (ya ampea 16), nayo ina sumaku, koili ndogo. Lakini koili hiyo inangoja mara 5 hadi 10 ya 16, yaani ampea 80 hadi 160, ndipo ikate papo hapo. Mzigo ukizidi kidogo tu, ni kibamba cha metali mbili kinachopata moto na kujipinda polepole. Sasa mtu aliyeshika friji mbovu, miguu ikiwa kwenye maji, anapitisha umeme wa taa ya wati 25 au 40 hivi. C16 itamhesabu kuwa ni taa na itaendelea kumpelekea umeme.

Hatua ya 3: Bonyeza T

Umeme ukiwepo, bonyeza kitufe cha T. Isiporuka, nunua nyingine, usiifungue kuitengeneza.

Hatua ya 4: Kasoro iko kwenye fazi au kwenye nyutro?

Hapa ndipo siku yangu yote ilipoteketea, kwa hiyo nivumilie.

Nilichomoa kila kitu kwenye priza (soketi). Nikashusha disjonkta ndogo zote. Nikapandisha diferansieli, ikakaa. Nikapandisha ndogo moja moja, ikakaa. Nikarudisha friji, televisheni, pasi, ikakaa. Nikamwambia mama ni unyevunyevu, nikaenda nyumbani nikiwa na amani. Saa kumi na mbili na nusu simu ikalia.

Nikarudi usiku. Nikashusha ndogo zote, nikachomoa kila kitu, nikapandisha diferansieli: ikaruka palepale. Hakuna taa hata moja iliyowaka mle ndani na bado inaruka! Nikaamini imekufa. Nikaweka mpya kutoka kwenye mfuko wangu. Nayo ikaruka.

Kosa langu lilikuwa hili: disjonkta ndogo za tablo (sanduku la swichi) nyingi za hapa zinakata fazi peke yake. Nyutro zote zinabaki zimefungwa kwenye baa moja chini ya diferansieli. Kushusha ndogo zote hakujaitenga nyumba, kumeitenga nusu. Na nyutro nayo inaweza kuleta umeme.

Mama ana anekse (nyumba ndogo) nyuma, ina mpangaji, na umeme wa anekse unachukuliwa kabla ya diferansieli. Mtu fulani zamani aliweka taa ya choo cha nje. Fazi aliitoa nyumba kubwa. Nyutro ikamwia mbali, akaazima ya anekse iliyokuwa jirani kwenye bwati (kisanduku cha maungio), na nyutro hizo mbili, ya nyumba kubwa na ya anekse, akazisokota pamoja chini ya shatertoni (utepe wa umeme). Mpangaji anarudi kutoka kazini jioni na kuwasha resho (jiko la umeme). Resho ya wati 1000 inavuta ampea 4.5. Umeme huo, ukifika kwenye bwati, unaona njia mbili za kurudi, unagawanyika. Sehemu yake inapita kwenye nyutro ya nyumba kubwa, inavuka pete ya diferansieli bila fazi yoyote ya kuufuta usumaku wake. Pete inaona tofauti kubwa kuliko mA 30, inafyatuka. Mama wa watu hata kibiriti hajawasha.

Namna ya kulikamata jambo hili bila kukesha:

Zima jenerali, shusha diferansieli, chomoa vyote ndani, zima taa zote. Weka multimeta kwenye omu. Gusa baa ya nyutro ya chini kwa mkono mmoja wa kipimo, na nyutro ya juu ya diferansieli kwa mwingine. Diferansieli ikiwa chini, hizo mbili hazipaswi kujuana kabisa. Multimeta ikilia piii, nyutro zimeungana mahali fulani nje ya tablo. Kisha pima kati ya baa ya nyutro na tere. Hapo pia pasiwe na mguso. Ukiupata, kuna nyutro imechubuka na kugusa chuma au ukuta wenye maji, na hiyo nayo hurusha diferansieli huku ndogo zote zikiwa zimeshushwa.

Baada ya hapo legeza nyutro kutoka kwenye baa moja baada ya nyingine, kila mara ukipima, hadi mlio unyamaze. Iliyonyamazisha ndiyo yenye ugonjwa. Ifuate bwati kwa bwati. Andika namba kwenye kila waya kabla ya kulegeza. Na usilegeze nyutro huku umeme ukiwepo: kama kuna kitu kimewashwa upande wa pili, ncha unayoishika inapata volti 220 kupitia kifaa hicho, hata kama ni ya buluu. Mafundi wanaoamini rangi ya buluu haina umeme, nawafahamu kwa makovu yao.

Taa yenyewe ya choo, ikiwa ya zamani ya wati 60, ingevuta mA 270 na kurusha diferansieli kila inapowashwa, na mtu angegundua siku ya kwanza. Hii ilikuwa LED ya wati 5, karibu mA 23. Siku nyingine inaruka, siku nyingine inakaa. Hizo balbu ndogo zimefanya kasoro za nyutro ziwe za kujificha.

Hatua ya 5: Pensi ya ampea, mizunguko kumi

Ukiniambia nibaki na chombo kimoja cha kupimia, nitabaki na pensi (kipimo chenye taya linalobana waya). Inafanya kazi kwa usumaku uleule: ikibana fazi peke yake inasoma umeme wote, ikibana fazi na nyutro kwa pamoja inasoma kilichopotea tu.

Shida ni kwamba pensi ya bei yetu haioni mA 20 vizuri. Dawa: tengeneza alonji (waya wa kurefushia umeme) fupi, vua ganda la nje katikati, kisha zungusha fazi na nyutro kwa pamoja mara 10 kwenye taya la pensi. Ya kijani na njano iache nje. Kila mzunguko unaongeza usumaku, kwa hiyo unachosoma kigawe kwa 10. Taya lifungike kabisa, waya zikae katikati, na ukae mbali na stabilizeta, vinginevyo utasoma uongo. Geuza pensi upande wa pili usome tena.

Friji ya mama ilionyesha ampea 0.21, yaani mA 21, baada ya kuipatia tere. Panya walikuwa wametafuna waya nyuma, karibu na kompresa. Dakika kumi.

Hatua ya 6: Tere juu ya makoro (mawe ya lava)

Bila tere, bati la friji linakaa na umeme likingoja mtu aje awe tere. Diferansieli itaruka, sawa, lakini baada ya kumpiga.

Vitabu vinasema pigilia kijiti cha mita 1.5. Aliyeviandika hajajenga juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ya tarehe 22 Mei 2021 ikafika Buhene, pembezoni mwa mji, na chini ya hizo kuna nyingine za zamani. Kijiti kinazama sentimita 20, kinaanza kulia kama kengele. Na jiwe hilo likikauka halipitishi umeme vizuri.

Mimi nalaza. Nachimba mtaro kuzunguka nyumba kadiri makoro yanavyoruhusu, mita 20 na kuendelea, nalaza waya wa kopa (shaba) mtupu wa mm² 25, naufunika kwa udongo mweusi ulioletwa, udongo wa mfinyanzi na makaa yaliyotwangwa, na naupitisha pale maji ya paa yanapomwagika. Chumvi sitaki. Mvua inaisafisha na inakula kopa. Waya wa alumini uliopakwa kopa pia sitaki, hata ukipewa bure.

Kupima kwa telurometa (kipimo cha tere), vile vijiti vya msaada havitaingia. Tandika gunia lililolowa maji, weka bamba la chuma juu, jiwe juu ya bamba. Natafuta chini ya omu 100. Kwa mA 30, hata omu 1600 inaweka bati chini ya volti 50, kwa hiyo ukikwama kwenye 300 usikate tamaa.

Na usidanganye kwa kuunganisha tere na nyutro ndani ya priza. Siku nyutro ikikatika kwenye nguzo, mabati yote ya nyumba yanapata volti 220.

Hatua ya 7: Rudisha

Nilitenganisha zile nyutro kwenye bwati, taa ya choo ikarudishiwa nyutro ya nyumba kubwa, nikabonyeza T, nikaandika tarehe kwa kalamu kwenye mlango wa tablo ili mama awe anabonyeza kila mwezi.

Saa kumi na mbili na nusu mpangaji akawasha resho. Tulikuwa tumesimama mbele ya tablo, mama, mimi na watoto wawili, tumenyamaza. Maharage ya mpangaji yakachemka.

"Fundi," mama akasema, "sasa naweza kushika friji?"

Nikaishika mimi kwanza.