Kuitambua na Kuitumia Kamera ya Zenit-E

Kamera nzito ya chuma iliyoandikwa Zenit-E, au Зенит-Е kwa herufi za Kirusi, ilianza kutengenezwa mwaka 1965 katika Umoja wa Kisovyeti, na zilitoka kwa mamilioni. Tazama namba iliyochongwa juu yake kwa upande wa nyuma: kwa kawaida tarakimu mbili za kwanza huonyesha mwaka, hivyo inayoanza na 76 ni ya 1976. Haihitaji betri hata moja, na hiyo ndiyo sababu nyingi bado zinafanya kazi.

Kabla ya kununua filamu, fungua mlango wa nyuma, vuta wenzo wa kusogezea filamu, kisha fyatua kwa kila kasi kuanzia 30 hadi 500 (yaani 1/30 hadi 1/500 ya sekunde) huku ukitazama mwangani. Pazia la kitambaa lipite bila kukwama na lisiwe na vitundu. Kipimamwanga kilicho juu ya lenzi hudhoofika kwa umri, kwa hiyo usikitegemee. Kwa filamu ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wake wa kupokea mwanga) kwenye jua kali, weka kasi ya 500 na tundu la lenzi 16; namba ikiwa ndogo, tundu huwa kubwa. Mawingu mepesi yakitanda, fungua hadi 11.

Lenzi ya Helios 44-2, ambayo huja na nyingi ya kamera hizi, ndiyo inayowasumbua wageni. Ina pete mbili za tundu: moja huchagua kipimo, nyingine hufungua na kufunga kati ya kipimo hicho na 2. Chagua 16, fungua kabisa ili uone vizuri unapolenga, kisha, na hapa ndipo wengi husahau, funga tena kabla ya kufyatua, la sivyo picha itaungua kwa mwanga. Kumbuka pia kwamba kitazamio huonyesha sehemu tu ya picha, hivyo kingoni mwa picha vitatokea vitu ambavyo hukuviona.

Ukipachika filamu, hakikisha meno yameshika vitundu vyake. Kitufe cha kurudishia kikizunguka unapovuta wenzo, filamu inasogea. Rudisha kihesabio kwenye sifuri kwa mkono, kwa sababu hakijirudishi. Filamu ikiisha, usilazimishe wenzo wala usifungue mlango mpaka uwe umeizungusha yote ndani ya mkebe wake, tayari kwa kusafishwa.