Somo: Kufundisha sayansi ya dunia kwa mawe, mvua na ziwa la Mwanza

Walimu wenzangu na wanafunzi, shule nyingi za mkoa wetu hazina maabara ya jiografia, lakini madirisha yake yanatazama miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Katika somo hili nitaeleza namna ya kuanza na kile kilichopo nje ya darasa, kisha kukiunganisha na nyenzo za bure zinazopatikana kwenye intaneti. Ninashikilia utaratibu huo kwa makusudi, kwa sababu mwanafunzi ambaye hajawahi kupima mvua kwa mkono wake huipokea takwimu ya setelaiti kama jambo la kukariri tu.

Hatua ya kwanza: lisomeni jiwe moja

Chagueni mwamba mmoja ulio karibu na shule, na kila mwanafunzi auchore kabla ya kuelezwa chochote. Sehemu kubwa ya mawe ya Mwanza, likiwemo Jiwe la Bismarck pale Kamanga, ni granaiti, yaani matale. Uso wa nje wa jiwe umechakaa kwa jua na mvua, kwa hiyo hauonyeshi madini yake vizuri. Kinachohitajika ni kipande kilichopasuliwa karibuni. Msiwape watoto nyundo, kwani vipande vinavyoruka huumiza macho. Waendeeni kwa heshima wapondaji wa kokoto, muwaombe vipande vichache, na muwasikilize pia, maana wao wanajua jiwe linapasukia upande gani kuliko wengi wetu tuliosoma.

Kwa lenzi ya kukuzia, wanafunzi wataona kwatsi inayofanana na kioo cha kijivu, felspa nyeupe au ya rangi ya waridi, na chembe nyeusi zinazometa za maika. Hapo waulizeni mchanga wa ufukweni umetoka wapi. Felspa ikikaa na maji kwa muda mrefu hugeuka kuwa udongo wa mfinyanzi, lakini kwatsi haibadiliki kwa urahisi, hivyo hubaki kuwa punje za mchanga. Mimi huona swali hili moja linafundisha zaidi ya kurasa kumi za maelezo, kwa kuwa mtoto amekwisha kuushika mchanga huo maisha yake yote.

Hatua ya pili: tengenezeni kipimamvua

Chukueni chupa ya plastiki yenye kuta zilizonyooka, mkate sehemu ya juu, kisha muigeuze na kuirudisha ndani kama mrija wa kumiminia. Kitako cha chupa huwa na mabonde, kwa hiyo wekeni kokoto na maji mpaka usawa ulionyooka, mpige mstari hapo, na mstari huo ndio sifuri yenu. Bandikeni rula kuanzia kwenye mstari huo. Chombo kikae mahali pa wazi, mbali na paa na miti. Mwaka wangu wa kwanza nilikiweka karibu na mwembe, na vipimo vya masika nzima havikufaa kulinganishwa na vya mtu mwingine yeyote.

Someni kila siku saa tatu asubuhi, mwandike hata siku ambayo mvua haikunyesha. Milimita 1 ya mvua ni sawa na lita 1 katika kila mita 1 ya mraba. Hivyo nyumba inayofunika eneo la mita 8 kwa 10 hupokea lita 80 kwa milimita 1. Hesabu hii huwapa wanafunzi hamu ya kuendelea, hasa wale wanaochota maji mbali.

Hatua ya tatu: fuatilieni kiwango cha maji ya ziwa

Msiingie majini, kwa sababu ya kichocho na mamba. Tafuteni gati au ukuta imara, mweke alama ya kudumu, na kila wiki mshushe kamba yenye uzito kutoka kwenye alama hadi kwenye uso wa maji. Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria hutokana na mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa, kwa hiyo linganisheni daftari hili na lile la mvua. Mabadiliko hayo si madogo: mvua kubwa za kuanzia 1961 zililipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964, na mwaka 2020 maji yalirudi kwenye kiwango cha aina hiyo, yakaingia katika makazi ya watu wa mwambao.

Hatua ya nne: sasa fungueni intaneti

Picha za setelaiti za Landsat, ambazo zilianza kupigwa 1972, hupatikana bila malipo, na ndani yake mnaweza kuona magugu maji yakitanda na kuondoka katika ghuba zetu. Shirika la jiolojia la Marekani, USGS, huorodhesha matetemeko ya dunia nzima. Anzeni na lile la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9. GLOBE, mpango wa kimataifa ambamo wanafunzi hupima mazingira yao, hutoa mafunzo kwa walimu na hupokea vipimo vya wanafunzi. Kwa hapa nyumbani, andikeni barua rasmi kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria mkiomba ziara ya kujifunza.

Maswali ya wanachama

Mwalimu wa shule ya msingi, Ukerewe: Ndugu mwalimu, mtandao wetu ni dhaifu na bando ni ghali. Tutaanzaje?

Jibu: Hatua tatu za kwanza hazihitaji mtandao kabisa. Ukienda mjini, pakua picha mbili za eneo lenu za miaka iliyoachana sana, uzichapishe na uzitumie muhula mzima.

Mwanafunzi wa kidato cha nne, Ilemela: Shikamoo mwalimu. Kwa nini Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na letu ni kama mita 80 tu?

Jibu: Marahaba. Tanganyika limejaa ndani ya bonde la ufa, ambako ardhi ilipasuka na kudidimia. Victoria liko katika beseni pana baina ya matawi mawili ya ufa. Ardhi ya magharibi ilipoinuka, mito iliyokuwa ikielekea huko ilizuiwa, na maji yakatuama.

Mzazi, Nyamagana: Je, ni kweli mawe yaliyopandana yalirushwa na volkeno?

Jibu: Hapana, mzazi mwenzangu. Mwamba huo ulipoa polepole chini sana ya ardhi, na ndiyo maana chembe zake ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Baadaye maji yalipenya kwenye nyufa zake yakala kingo, kisha mvua ikaondoa udongo uliokuwa katikati, na mawe yakabaki yamekaliana pale pale yalipokuwa.

Mwalimu wa sekondari, Magu: Umesema saa tatu asubuhi, lakini GLOBE wanataka mvua isomwe karibu na adhuhuri ya jua, yaani jua linapofika juu kabisa. Tufuate lipi?

Jibu: Mkituma vipimo GLOBE, fuateni saa yao. Kama mnalinganisha na kituo cha hali ya hewa, someni saa tatu. Kosa ni kuchanganya saa mbili katika daftari moja, kwa sababu mvua ya asubuhi itaandikwa katika siku isiyo yake.