Waifai dhaifu kwenye Linux: isome draiva kabla ya kunakili mstari wa mtu

Laptop ya Linux ikigoma kushika waifai, mafundi wengi hukimbilia mtandaoni, wananakili mstari wa amri wa mtu wasiyemjua, wanaubandika, mashine ikikubali wanamshukuru Mungu. Mimi hapa dukani Mwanga, Kigoma, sikubali mchezo huo. Mstari wa namna hiyo mara nyingi umebeba machaguo manne au matano, yaani mipangilio ya draiva (programu inayoendesha kadi ya waifai). Moja ndilo limetibu, mengine yanakula betri tu. Na draiva yenyewe inajieleza ukiiuliza.

Kwanza ijue ni ipi. Andika `lspci -k` kwenye taminali (dirisha la kuandikia amri), ushuke mpaka kadi ya mtandao, utafute mstari wa `Kernel driver in use`. Kama kadi ni ya kuchomeka USB haitaonekana hapo, tumia `lsusb -t`.

Nichukue laptop ya karani mmoja wa wafanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi. Maelezo yake yalikuwa haya: "Fundi, nikiiweka kando ya ruta inashika, nikirudi mezani kwangu haioni kitu." Simu yake, meza ileile, ilishika vizuri, kwa hiyo ruta haina kesi. Draiva ilikuwa `rtl8723be`, ya kadi za Realtek. Orodha ya machaguo yake unaipata hivi:

`modinfo -p rtl8723be`

Usiipitie kwa haraka. Kila mstari una jina la chaguo, maelezo mafupi, na mara nyingi thamani ya kawaida. `ips` na `fwlps` ni za kubana matumizi ya umeme. Hizo ndizo za kushukiwa pale mtandao unapokatika na kurudi, hasa laptop ikikaa kimya kidogo. `swenc` inahusu usimbaji (kuficha data inayopita hewani), `msi` na `aspm` zinahusu jinsi kadi inavyowasiliana na ubao mkuu. Huko usiende bila sababu. Halafu kuna `ant_sel`, ya kulazimisha antena namba 1 au 2, na kawaida yake ni 0, yaani draiva iamue yenyewe.

Hapo ndipo penye utamu. Laptop nyingi za bei nafuu zenye kadi hii zimefungwa waya mmoja tu wa antena ingawa kadi ina matundu mawili. Taarifa iliyoandikwa ndani ya kadi ikitaja tundu lisilo na waya, draiva inasikiliza patupu, na waifai inabaki ya kunusanusa. Karani hakulalamika kukatika, alilalamika udhaifu. Kwa hiyo `ips` na `fwlps` niliziacha zilivyo, nikaenda `ant_sel`.

Kabla hujagusa, tazama thamani zinazotumika sasa hivi:

`grep . /sys/module/rtl8723be/parameters/*`

Na upime. `iw dev` itakupa jina la kadi, tuseme `wlo1`, kisha `iw dev wlo1 link` itakuonyesha `signal`. Namba ni hasi: -50 ni nguvu nzuri, -85 ni taabu. Pima ukiwa umekaa palepale panapomsumbua mwenye laptop, la sivyo unajidanganya.

Sasa jaribu kwa muda, amri ya kwanza inaondoa draiva, ya pili inairudisha na chaguo jipya:

`sudo modprobe -r rtl8723be`
`sudo modprobe rtl8723be ant_sel=1`

Waifai itazima kidogo, kwa hiyo usifanye hivi ukiwa umeingia kwenye mashine kwa mbali kupitia waifai hiyohiyo. Pima tena. Haijabadilika? Rudia kwa `ant_sel=2`. Ya karani ilikubali 2. Ukiwasha upya kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa, ndiyo maana naipenda njia hii.

Ukiridhika, tengeneza faili `/etc/modprobe.d/rtl8723be.conf` lenye mstari mmoja:

`options rtl8723be ant_sel=2`

Angalia herufi. Ukiandika `antsel`, draiva itapakiwa vizuri tu, haitakugombeza. Malalamiko utayakuta kwenye `sudo dmesg` (kumbukumbu za ujumbe wa mfumo), yameandikwa `unknown parameter 'antsel' ignored`. Pia `modprobe -c | grep rtl8723be` itakufichulia kama fundi aliyekutangulia aliacha mstari wake kwenye faili jingine.

Si kila chaguo linahitaji kuondoa draiva na kuirudisha. Piga `ls -l` kwenye folda ile ya `parameters`: penye `rw` unaweza kubadili papo hapo. Mfano, spika zikipiga "tap" kila sauti inapoanza, na draiva ya sauti ni `snd_hda_intel`, soma `power_save` yake. Ni sekunde za kusubiri kabla ya kuizimisha kadi ya sauti, na 0 ni kutozima kabisa:

`echo 0 | sudo tee /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save`

Mwisho, kwenye faili la `.conf` ongeza mstari unaoanza na `#`, uandike tarehe na sababu: "antena iko tundu la 2, waya ni mmoja." Laptop hiyo kesho inaweza kufunguliwa na fundi wa Kasulu, na keneli (kiini cha Linux) ikisasishwa atajua cha kupima upya na cha kufuta.