Bayoanuai huamuliwa kwenye mkutano wa kijiji: ushauri kwa wakulima wa Tanzania

Timu ya halmashauri ya wilaya ikifika kijijini kwenu kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi, hudhuria kila kikao, hata kama ni wakati wa palizi. Ni humo inapoamuliwa malisho yatakuwa wapi, mashamba yataishia wapi, msitu wa kijiji utaanzia wapi na wanyama watapita wapi. Ramani ikishapita kwenye mkutano mkuu wa kijiji na sheria ndogo zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya, mkulima aliyebaki shambani anaweza kukuta bonde lake limo ndani ya eneo la hifadhi. Kuibadili ramani hiyo ni kazi ndefu kuliko kusema neno moja mapema.

Nasisitiza hili kwa sababu wengi bado wanadhani bayoanuai, yaani wingi wa aina za mimea na wanyama, ni shughuli ya hifadhi za taifa. Nyuki wanaochavusha alizeti, maboga na matikiti yako, bundi wanaokula panya wa mahindi, mikuyu inayotunza chemchemi mnayochota maji: sehemu kubwa ya hivyo iko kwenye ardhi ya kijiji. Ardhi hiyo, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote.

Ni vizuri pia kujua nani ana uwezo gani. Mkoa hauna madiwani. Sekretarieti ya mkoa hushauri na kufuatilia utendaji wa halmashauri. Halmashauri ya wilaya ndiyo yenye bajeti, sheria ndogo, na maofisa wa ugani, mazingira na wanyamapori. Kijiji nacho kinaweza kutunga sheria ndogo zake. Kwa hiyo shida ya chanzo cha maji kuvamiwa haianzii kwa mkuu wa mkoa. Anza kwa mtendaji wa kijiji, omba iingizwe kwenye ajenda, na hakikisha imeandikwa kwenye muhtasari. Lalamiko lisilo kwenye muhtasari hupotea viongozi wakibadilika.

Mita 60 za ukingo

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito, mabwawa na fukwe za maziwa. Kwa hatua za kawaida za mtu mzima ni kama hatua 80. Ukitaka kuwa salama, pima kuanzia alama ya maji ya masika, maana mto wa Septemba na mto wa Aprili si upana mmoja.

Najua ukanda huo ndio wenye rutuba kuliko shamba lote. Kwa mikoa kama Iringa na Njombe, vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vimelisha familia na kusomesha watoto kwa vizazi vingi, na kumwambia mtu ahame bila kumpa mbadala ni kumwonea. Halmashauri inayotaka mabonde yapumzike inapaswa kuja na kitu mkononi: mifereji midogo ya kupeleka maji kwenye mashamba ya juu, birika la kunyweshea mifugo mbali na ukingo, miche ya matunda. Dai hayo kwenye mkutano, tena kwa sauti. Ila usiingize jembe kwenye ukingo ukisubiri majibu. Matete na vichaka vya pale ndivyo vinavyochuja tope na mbolea kabla maji hayajafika kwa jirani wa chini, na udongo wa ukingo ukishamomonyoka hauna njia ya kurudi.

Usipande mikaratusi karibu na chemchemi. Inakunywa maji mengi mno. Mkuyu ni mti wa mahali pale.

Kupanda miti, au kuacha iote

Kila halmashauri imewekewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Ni lengo jema, lakini mimi huona idadi imepewa uzito kuliko aina. Shamba zima la misindano linahesabika kama miti, na halilishi nyuki wala ndege kama kichaka cha asili kinavyofanya. Ukigawiwa miche, uliza kama kuna ya asili.

Sehemu kavu, kama Dodoma, kuna njia rahisi zaidi ambayo wakulima wengi wanaiita Kisiki Hai. Angalia shambani: visiki vilivyokatwa zamani bado vina mizizi hai na vinachipua kila mvua, ila huvifyeka wakati wa kuandaa shamba. Safari hii viache. Kwenye kila kisiki chagua machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, pogoa mengine kwa kisu kikali ukikata karibu na shina, kisha funga kitambaa cha rangi kwenye uliyobakiza ili mpalilia na mchungaji waone. Punguza matawi ya chini kila msimu. Yanafaa kwa kuni. Mizizi iko chini tayari, kwa hiyo mti hukua haraka kuliko mche wa kitalu na hauhitaji kumwagiliwa.

Shinyanga walionyesha jambo hili kwa ukubwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986 katika mkoa uliokuwa umefyekwa vibaya, na uliofanya kazi kuliko yote ni utaratibu wa Wasukuma wenyewe, ngitili: eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili liwe akiba ya kiangazi. Serikali ilikubali kusimama nyuma ya desturi hiyo, na miti ikarudi. Kijiji chenu kikiwa na desturi ya aina hiyo, ipelekeni kwenye sheria ndogo ipate nguvu.

Tahadhari moja: mninga, mvule na mpingo ni miti inayolindwa. Hata mti huo ukiota shambani kwako, muone afisa misitu kabla ya kushika shoka.

Jirani wa ushoroba

Kwa walio kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, au popote tembo wanapopita, kanuni za shoroba (mapito ya wanyamapori) za mwaka 2018 zinawezesha njia za wanyama kutengwa rasmi. Usipanue shamba kuingia humo. Kwenye mpaka panda pilipili, tumbaku au ufuta badala ya mahindi na miwa.

Uzio wa mizinga ya nyuki nao unafaa. Ning'iniza mizinga kwenye nguzo, umbali wa takriban mita 10 kati ya mmoja na mwingine, kisha iunganishe yote kwa waya mmoja. Tembo akisukuma waya, mizinga huyumba na nyuki hutoka. Hakikisha maji na maua vipo karibu, la sivyo nyuki watahama na uzio utabaki mapambo. Uzio haumalizi tatizo lote, lakini asali yake inasaidia kulipia matengenezo.

Mazao yakiliwa, toa taarifa siku hiyohiyo kwa mtendaji wa kijiji ili afisa wanyamapori wa wilaya aje kutathmini. Piga picha na usisafishe shamba kabla hajafika. Kinacholipwa ni kifuta jasho, na kwa aliyejeruhiwa au kufiwa ni kifuta machozi. Hakilingani na hasara yenyewe, ila bila tathmini hakuna kitu kabisa.

Kuhusu dawa: alizeti ikichanua, puliza jioni nyuki wakisharudi mzingani, na tumia kiuatilifu kilichosajiliwa tu. Na ukiona gugu karoti shambani au kandokando ya barabara, ling'oe kabla halijatoa maua, ukiwa umevaa glavu na mikono mirefu kwa sababu linawasha ngozi. Usiwalishe mifugo gugu hilo, maana linaharibu ladha ya maziwa. Kisha mjulishe afisa ugani wa kata mahali ulipoliona, kwa kuwa mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu na kata jirani zinapaswa kuanza kung'oa wiki hiyohiyo.