Kadi Kwanza: Chanjo za Watoto kwa Daktari Anayekaa OPD

Nakuandikia wewe tabibu au daktari unayekaa chumba cha OPD (wagonjwa wa nje), uwe kwenye kituo cha afya cha serikali au zahanati ya binafsi, ambaye kimoyomoyo unaamini chanjo ni kazi ya manesi wa kliniki ya mama na mtoto. Mimi niko bonde la Ziwa Rukwa. Watoto ninaowaona wengi ni wa wafugaji na wavuvi: msimu huu wako hapa, malisho yakikauka wameshahamia Katavi. Mtoto wa namna hiyo hana habari na siku ya kliniki. Analetwa kwako jioni ana homa, anaharisha, au kaungua kwa uji wa moto. Ukimwandikia dawa na kumruhusu bila kuuliza lingine, huenda hamtaonana tena mpaka mwakani.

Kwa hiyo naanza na kadi ya chanjo.

Kuisoma kadi

Iombe kabla hujauliza homa imeanza lini. Ukishaandika dawa mama ameshasimama, na mtu aliyesimama hafungui tena mzigo. Usiulize "amemaliza chanjo?" maana utajibiwa amemaliza. Kwa mama wengi kumaliza ni ile sindano ya miezi tisa. Baada ya hapo mtoto anatembea, mama karudi shambani, na hakuna kinachomvuta tena kliniki. Kisanduku cha miezi 18 ndicho ninachokikuta kitupu kuliko vyote.

Angalia tarehe ya kuzaliwa, hesabu wiki, ndipo ushuke na safu. Akizaliwa: BCG (ya kifua kikuu) na matone ya polio. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14: Penta (magonjwa matano kwa sindano moja, pepopunda na dondakoo yakiwemo), PCV (ya nimonia) na matone ya polio, Rota (matone ya kuzuia kuhara) inaanza wiki ya 6, na IPV, ile polio ya sindano, inaongezwa wiki ya 14. Miezi 9 surua-rubela ya kwanza, miezi 18 ya pili. Msichana wa miaka 9 hadi 14 anapata HPV (ya saratani ya mlango wa kizazi), na tangu Aprili 2024 hapa Tanzania ni dozi moja tu. Kama ukutani kwenu bado kuna bango linalosema miaka 14 na dozi mbili, libandue leo, kwa sababu nesi mgeni atalifuata.

Kadi imepotea? Tafuta kwenye rejesta na kwenye mfumo wa kompyuta, au pigia kituo alichotoka. Usipopata ushahidi wowote wa maandishi, mhesabu hajachanjwa na uanze. Kurudia dozi hakumdhuru mtoto. Kuikosa ndiko kunakomdhuru. Kovu la BCG litakusaidia, ila lisikuendeshe. Wengi wetu tulifundishwa kurudia BCG kovu lisipoonekana. Msimamo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2018 ni kwamba kukosa kovu si ushahidi wa kukosa kinga, na haupendekezi kurudia kwa sababu hiyo peke yake. Ongea na mratibu wa chanjo wa wilaya yako mkubaliane.

Sisi wa mipakani tuna jambo moja zaidi: kadi za ng'ambo. Mtoto aliyetoka Congo anaweza kuwa na homa ya manjano kwenye kadi. Aliyetoka Uganda au baadhi ya maeneo ya Kenya anaweza kuwa na chanjo ya malaria. Zinakili zote kwenye kadi yetu. Hiyo ya homa ya manjano ikague tarehe: ina virusi hai kama surua-rubela. Mbili hizo zichomwe siku moja, au zipishane angalau wiki 4. Akiwa alichomwa juzi upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, surua-rubela isubiri wiki hizo zitimie.

Homa si sababu ya kumrudisha

Hapa ndipo tunapowapoteza wengi. Mafua, kikohozi, kuhara kidogo, homa ndogo, utapiamlo, kuzaliwa njiti, kuwa kwenye antibiotiki: hakuna hata kimoja kinachozuia chanjo. Mwenye utapiamlo ndiye anayehitaji zaidi, maana surua humwua upesi. Kinachozuia ni mtoto kuwa mgonjwa kiasi cha kulazwa (huyo mchanje akiwa anatoka wodini, kabla hajakabidhiwa karatasi ya ruhusa) au kuwa aliwahi kupata mzio mkali wa kutishia uhai baada ya dozi ya chanjo hiyo hiyo. BCG haipewi mtoto mwenye dalili za UKIMWI. Na mtoto anayeishi na VVU, WHO inapendekeza apate dozi ya ziada ya surua-rubela akiwa na miezi 6, kisha zile za miezi 9 na 18 ziendelee kama kawaida.

Bibi mmoja wa Kisukuma alimleta mjukuu mwenye mafua, miezi kumi, surua hana. Nikamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Lakini sindano juu ya homa hii? Si utamwongezea?"

Hapo usitoe hotuba. Nilimwambia: "Bibi, mafua haya yataisha kesho kutwa. Sindano hii inaweza kumpa homa kidogo na vipele, lakini itakuwa baada ya wiki moja au mbili, na vitaondoka vyenyewe. Surua ndiyo haiondoki hivi hivi." Akanyoosha mkono wa mtoto mwenyewe.

Angalia nilichofanya: madhara niliyataja kabla, na siku zake. Surua-rubela huleta homa na vipele kati ya siku ya 7 na ya 12, wakati mzazi ameshasahau sindano na anadhani mtoto kaugua. Penta huleta homa na uvimbe pajani siku ile ile au ya pili. BCG hutoa kidonda kidogo baada ya wiki kadhaa; mwambie asikitumbue wala asikipake kitu. Mzazi aliyeambiwa mapema harudi na hasira, na hana cha kusimulia kisimani.

Chupa ya watoto kumi

Sasa tuongee mambo ya ndani. Chupa ya surua-rubela kwa kawaida ni ya dozi 10, ya BCG ni 20. Zikishachanganywa na maji yake zina saa 6 tu, au mpaka mwisho wa kazi, kipi kitangulie, halafu zinamwagwa. Ndiyo maana nesi akiona mtoto mmoja anasema "mama, njoo Alhamisi watakuwepo wenzako." Namwelewa. Ripoti ya upotevu wa chanjo inasomwa na wakubwa. Ripoti ya mtoto aliyerudishwa haiandikwi popote.

Ushauri wangu: fungueni. WHO inasema hivyo hivyo, chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Ila usiishie kumwamuru nesi na kumwachia mzigo. Mganga mfawidhi aseme waziwazi kwenye kikao kwamba upotevu wa namna hiyo anaubeba yeye, na iandikwe kwenye kitabu cha kikao. Halafu chupa ikishafunguliwa, mhudumu wa afya ngazi ya jamii apigiwe simu: nani yuko jirani ana mtoto wa miezi 18? Kwetu mara nyingi wanapatikana wawili watatu kabla ya saa sita mchana.

Penta, PCV, IPV na matone ya polio hazina shida hiyo. Chupa za dozi nyingi zilizoidhinishwa na WHO hukaa hadi siku 28 baada ya kufunguliwa, mradi zimehifadhiwa vizuri, hazijaganda, hazijapita tarehe na alama ya joto kwenye chupa (nitaieleza kwenye friji) bado ni nzima. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa yenyewe, kwa kalamu isiyofutika. Nimeona chupa nzuri zikimwagwa jioni kwa mazoea tu.

Mtoto mapajani

Usimlaze mtoto chali mezani. Mama amkalishe mapajani, amkumbatie, na kama ananyonya awe ananyonya wakati sindano inaingia. Huu si upole tu. Ndio ushauri wa WHO wa 2015 kuhusu maumivu ya chanjo. Anza na matone, Rota na polio, kisha sindano, ile inayouma zaidi iwe ya mwisho. Usivute bomba kutafuta damu, haina faida na inarefusha maumivu. Penta paja la kushoto, PCV la kulia. IPV nayo paja la kulia, sentimita 2.5 kutoka kwenye PCV. Sindano tatu siku moja mtoto anazimudu. Anayeshindwa kuzitazama ni sisi. Ukimwambia mama achague mbili na moja aifuate wiki ijayo, umeshaipoteza hiyo moja.

Na parasetamoli usimpe kabla ya sindano kama kinga. Homa ikija, mpe.

Aliyechelewa

Kanuni ni fupi: usianze upya, endelea ulipokuta. Pengo liwe mwezi au mwaka, dozi aliyopata inahesabika. Kati ya dozi na dozi ya Penta acha wiki 4 zisizopungua. Siku hiyo hiyo mpe kila kinachomstahili kwa umri wake. Mtoto wa miezi 11 asiye na kitu leo anaondoka na BCG, Penta, PCV, polio ya matone na ya sindano, na surua-rubela. Rota nayo usimnyime kwa kuchelewa: zamani tulibanwa na ukomo wa wiki, lakini WHO iliulegeza mwaka 2013, na kinachotazamwa sasa ni awe hajafikisha miezi 24. Mtoto aliyekwisha timiza mwaka, dozi zake za PCV hupungua; fungua mwongozo wa taifa, usikisie.

Tarehe ya kurudi, usimwandikie tarehe peke yake. Huku kwetu watu hupanga safari kwa siku ya mnada. Ukimwambia "mnada wa mwezi ujao, ule wa pili, pitia hapa kabla hujauza" atakuja. Andika pia namba ya simu ya baba, kwa sababu simu ya nyumbani mara nyingi anayo baba, naye ndiye anayeamua ng'ombe wanahama lini.

Friji, kwa kifupi

Nyuzi 2 hadi 8, isomwe asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Watu huogopa joto, kumbe huku kwenye friji za sola na barafu ya kibebeo adui mkubwa ni kuganda. Penta, PCV, IPV na HPV zikiganda zimekufa, na alama ya joto kwenye chupa haitakuonyesha. Alama hiyo inapima joto tu: mraba wa ndani ukiwa mweupe kuliko duara, tumia, ukilingana nalo au kulizidi weusi, tupa. Ukishuku Penta imeganda fanya kipimo cha kutikisa, ukiilinganisha na chupa ya aina na toleo lile lile uliyoigandisha makusudi: zitikise zote mbili, uangalie mashapo yanavyotua. Vinywaji vya wafanyakazi vitafutiwe friji yao.

Dada mkubwa

Mama akija na kichanga, muulize nyumbani kuna binti wa miaka mingapi. HPV hutolewa zaidi shuleni, na binti wa mfugaji huenda hayuko shuleni. Utaulizwa kuhusu ugumba. Jibu moja kwa moja: haiharibu uzazi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake nchini, na anayekuuliza pengine ana shangazi aliyeondoka nayo.

Vipele na miguu iliyolegea

Daktari wa OPD ndiye mlinzi wa kwanza wa mlipuko. Homa na vipele, pamoja na kikohozi, mafua au macho mekundu: hesabu ni surua mpaka maabara ikatae. Chukua damu, mtenge na wengine kwenye foleni, mpe vitamini A siku mbili mfululizo (chini ya miezi 6 yuniti 50,000, miezi 6 hadi 11 yuniti 100,000, mwaka na kuendelea yuniti 200,000) na mpigie mratibu wa wilaya siku hiyo hiyo.

Kupooza ni zaidi. Mtoto yeyote chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono umelegea ghafla, hata ukiwa na uhakika ni sindano ya kwinini iliyochomwa vibaya, mtolee taarifa. Mwaka 2023 kulikuwa na mtoto aliyepooza mkoani kwetu Rukwa, na maabara ikapata kirusi cha polio aina ya 2 kinachotokana na chanjo, yaani kirusi dhaifu cha matone kilichobadilika kadri kilivyopita mtoto hadi mtoto. Septemba ya mwaka huo mikoa sita, Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Mbeya na Songwe, ikafanya kampeni ya matone mapya ya aina hiyo. Matone yetu ya kawaida hayana aina ya 2 tangu Aprili 2016. Inayomkinga mtoto na kupooza kwa aina hiyo ni IPV. Ukiona kadi yenye matone yote na IPV haipo, usiseme yuko sawa.

Sampuli ni mbili za kinyesi, zipishane saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu kupooza kuanze. Zikae kwenye baridi njia nzima, kwenye kibebeo chake, kisichorudi tena kubeba chanjo. Usimruhusu mtoto kwenda nyumbani kabla ya sampuli ya pili, hata baba akikuambia kinyesi atakileta kesho.